Mti wa Lindi uliotangazwa kutoweka ukiwa hai

Mwaka 1998, Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, inayoonyesha viumbe vilivyo hatarini kutoweka, iliuhesabu Erythrina schliebenii miongoni mwa mimea iliyokwisha kutoweka duniani. Mti huu wa maua mekundu, ambao shina lake limejaa miiba mikali, ulijulikana kutokana na sampuli zilizokusanywa miaka ya 1930 karibu na ziwa Lutamba, mkoani kwetu Lindi. Mwaka 2001 ulionekana tena katika msitu wa Namatimbili, wilayani Kilwa. Lakini kabla furaha haijapoa, sehemu ya ardhi ya eneo hilo ilifyekwa kwa ajili ya mashamba ya mimea ya nishati, na wataalamu wakahofia kuwa sasa umekwisha kweli. Wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliukuta tena mwaka 2011.

Leo umewekwa katika kundi la mimea iliyo hatarini sana kutoweka, na miti iliyokomaa ilikadiriwa kuwa haifiki 50. Idadi hiyo hunitia hofu kuliko neno lolote la kitaalamu, kwa sababu moto mmoja wa kusafishia shamba la ufuta, ukiponyoka wakati wa kiangazi, unatosha kuipunguza. Binafsi naona ulinzi wa msitu peke yake hautoshi: ndugu zake wengi, akiwemo mbambangoma, huota hata kwa kupandikiza matawi, hivyo inafaa vitalu vyetu vya miche viujaribu na huu, ilimradi matawi yachukuliwe kwa kibali na bila kuijeruhi miti michache iliyosalia.