Umealikwa kwenye utafiti wa dawa mpya? Yamalize haya kabla ya dozi ya kwanza

Mgonjwa akiambiwa kuna utafiti wa dawa mpya na akakubali kuusikiliza, hamezi dawa kesho yake. Kwanza kuna maelezo, fomu ya ridhaa, vipimo vya awali, kisha kupangwa kundi. Itifaki nyingi, yaani mipango iliyoandikwa ya tafiti, hutoa hadi siku 28 kwa vipimo vya awali peke yake. Watu huzichukulia siku hizo kama foleni ya kusubiri dawa, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mshiriki anayeacha katikati, au anayegundua mwezi wa tatu kwamba alielewa kitu kingine kabisa, mara nyingi shida yake ilianzia kwenye siku hizo.

Fomu ya ridhaa huwa ndefu, kurasa kumi hadi ishirini na zaidi. Isipokuwa kwenye tafiti za dharura, ambako matibabu hayasubiri, hulazimiki kusaini siku ile ile. Ichukue, nenda nayo nyumbani, isome na mtu unayemwamini, andika maswali pembeni. Asiyejua kusoma husomewa yote mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa utafiti, kisha anaweka dole gumba na shahidi anasaini. Nakala moja ni yako. Mtoa maelezo anayejua kazi yake hatakuuliza "umeelewa?", kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo. Atakuambia: "Nieleze kwa maneno yako, ukipangwa kundi la pili utapata nini?" Ukishindwa kujibu, kosa ni la maelezo, na yanapaswa kurudiwa. Akikuharakisha, hilo tayari ni jibu.

Swali la kwanza la kuuliza ni utafiti uko awamu ya ngapi. Awamu ya 1 huwa na watu 20 hadi 100 hivi na hutafuta usalama na dozi. Awamu ya 2 hufika mamia kadhaa, na ndipo dalili za kwanza za kwamba dawa inafanya kazi huanza kutafutwa kwa makini. Awamu ya 3 huchukua watu 300 hadi 3,000 au zaidi na kulinganisha dawa na matibabu yaliyopo. Awamu ya 4 huja dawa ikishasajiliwa. Mgonjwa wa saratani anayeingia awamu ya 1 akitumaini kupona anastahili kuambiwa wazi kwamba utafiti huo haukupangwa kumponya. Umepangwa kujua mwili unavumilia kiasi gani. Baadhi hunufaika, lakini hilo si lengo lake.

Ukiwa kwenye awamu ya 1 ya dawa ambayo haijawahi kuingia mwilini mwa binadamu, uliza pia mtu wa kwanza atapewa lini, na watasubiri muda gani kabla ya kumpa wa pili. Swali hili lina historia. Mwezi Machi 2006 jijini London, vijana sita wenye afya walidungwa dawa iitwayo TGN1412 mmoja baada ya mwingine, dakika chache tu kati yao. Ilipoanza kumvuruga wa kwanza, wenzake walikuwa wameshaipata au wako kwenye foleni. Wote sita viungo vyao vya ndani vilianza kushindwa kufanya kazi na wakalazwa mahututi. Tangu hapo utaratibu unaotakiwa kwa dawa za namna hiyo ni kuanza na mtu mmoja, kumwangalia kwa muda uliopangwa, ndipo wengine wafuate.

Swali la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: nisipojiunga, nitatibiwa kwa nini? Bila jibu lake huwezi kupima chochote. Kisha uliza kundi la ulinganisho litapata nini. Plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani, mara nyingi haipewi peke yake. Kundi moja hupata matibabu ya kawaida pamoja na dawa mpya, lingine matibabu yale yale pamoja na plasebo. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti kwa binadamu, lililopitishwa mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa hadi 2024, linataka dawa mpya ilinganishwe na matibabu bora yaliyothibitishwa, na linataja mazingira machache ambamo plasebo inakubalika. Kama ugonjwa wako una dawa inayofanya kazi na fomu inasema utaachishwa, dai sababu ya kitaalamu iliyoandikwa.

Kuhusu kupangwa kwa bahati nasibu, watu huhisi wanachezewa kamari. Lakini daktari akiachiwa kuchagua, atampa dawa mpya yule anayemhurumia au anayeonekana ana nafuu, na mwisho hakuna atakayejua kama ni dawa iliyosaidia au uteuzi. Utafiti wa streptomaisini kwa kifua kikuu, uliochapishwa Uingereza mwaka 1948, uliwapanga wagonjwa 107 kwa bahasha zilizofungwa: 55 walipata dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, 52 mapumziko tu. Katika miezi sita walifariki 4 katika kundi la kwanza na 14 katika la pili. Dawa ilikuwa haba kiasi kwamba isingewatosha wote hata hivyo. Utafiti huo huo ulionyesha pia bakteria wakiota usugu kwa wagonjwa wengi waliopewa dawa, na kwa kadiri walivyofuatiliwa miaka iliyofuata, ile faida ya mwanzo ilipungua. Ndiyo maana unaambiwa urudi kliniki hata baada ya vidonge kuisha.

Sasa vipimo vya awali. Wengi huanguka hapa, na baadhi huanguka kwa mambo yanayozuilika. Kila utafiti una vigezo vya kuingia na vya kuzuiwa: umri, hatua ya ugonjwa, himoglobini, kreatinini kwa ajili ya figo, vimeng'enya vya ini, kipimo cha umeme wa moyo, kipimo cha mimba. Ukifika na kiu kali baada ya kutokunywa maji siku nzima, kreatinini inaweza kupanda hata kama figo ni nzima. Kama umeambiwa ufunge kula, uliza kama maji yanaruhusiwa, kwa kawaida huruhusiwa. Kazi nzito au mazoezi makali ya siku mbili tatu kabla hupandisha vimeng'enya ambavyo misuli na ini huchangia, na daktari akadhani ini lina tatizo. Damu ikivutwa kwa shida na chembe zake zikapasuka ndani ya tyubu, potasiamu husomeka juu kuliko ilivyo. Itifaki nyingi huruhusu kurudia kipimo mara moja. Uliza, usikubali tu kuondoka.

Njoo na dawa zako zote zikiwa kwenye pakiti zake, si kwa kukumbuka majina. Hapo weka na vitamini, za kupaka na mitishamba. Baadhi ya mimea huharakisha ini kuvunja dawa nyingine, na juisi ya balungi hufanya kinyume chake kwa baadhi ya dawa: huongeza kiwango chake kwenye damu. Mtu anayeficha mitishamba kwa kuogopa kukataliwa anaweza kujikuta anameza dozi sahihi kwenye karatasi na dozi hatari mwilini. Ni hivyo hivyo kwa aliye kwenye utafiti mwingine tayari akakaa kimya.

Wakati mwingine utatakiwa kuacha dawa fulani ili itoke mwilini kwanza. Kanuni inayotumika sana ni vipindi vitano vya nusu-uhai, maana kila kipindi hupunguza kiwango kwa nusu, na baada ya vitano hubaki kama asilimia 3 tu. Dawa inayopungua kwa nusu kila saa 24 huhitaji siku tano. Usiiache kwa uamuzi wako ili ufuzu. Dawa za kifafa, za shinikizo la damu na steroidi zina hatari kubwa zikikatwa ghafla, na kazi ya kuamua ni ya daktari wako akishirikiana na wa utafiti, baada ya wewe kusaini ridhaa, si kabla.

Damu nayo ina uvumi wake, kwamba huvutwa nyingi mno, na dawa ya uvumi ni hesabu. Muulize mtoa maelezo ni tyubu ngapi kwa kila ziara na za mililita ngapi. Tyubu nne za mililita 5 ni mililita 20, sawa na vijiko vinne vya chai. Mchangia damu hutoa kama 450 kwa mara moja. Cha kuangalia zaidi ni sampuli zitakazobaki: zitahifadhiwa miaka mingapi, zitasafirishwa, zitapimwa vinasaba? Tafiti nyingi huweka kwenye fomu kisanduku cha peke yake kwa jambo hili, na unaweza kukataa hifadhi ukaendelea na utafiti.

Ukikosa kufuzu, omba nakala ya majibu. Ni vipimo ambavyo pengine usingevipata upesi, na daktari wako atavihitaji.

Kwa nini watafiti hukufuata kwa bidii? Kwa sababu idadi ni ngumu kufikiwa. Dawa inayotarajiwa kupunguza vifo kutoka asilimia 20 hadi 15 huhitaji kama watu 900 kwa kila kundi ili tofauti hiyo ionekane kwa uhakika wa kawaida wa kitakwimu. Hao ni 1,800. Ukitarajia asilimia 10 wapotee, unaandikisha 2,000. Kama anafuzu mmoja kati ya watatu, lazima upime 6,000. Na wapangaji karibu wote hukisia wagonjwa wengi kuliko waliopo. Mtaalamu wa dawa wa Marekani, Louis Lasagna, alilieleza hilo kiasi kwamba limepewa jina lake: wagonjwa hupungua ghafla utafiti unapoanza. Shinikizo hilo lisikufikie wewe. Kama anayekualika ndiye daktari wako wa kila siku na unaona vigumu kumkatalia, omba maelezo yatolewe na mtu mwingine. Kukataa hakupaswi kubadilisha huduma yako hata kidogo.

Kabla ya kusaini, kagua mambo mawili wewe mwenyewe. Namba ya usajili: ya ClinicalTrials.gov, rejista ya tafiti ya Marekani, huanza na NCT ikifuatiwa na tarakimu nane, nyingine huanza na ISRCTN au PACTR, na Shirika la Afya Duniani lina tovuti inayotafuta kwenye rejista nyingi kwa pamoja. Angalia kama utafiti bado unaandikisha, kituo chako kimetajwa, na lengo kuu linafanana na ulichoambiwa. Lakini kusajiliwa si kuidhinishwa. Kliniki zinazouza tiba za seli-shina zisizothibitishwa zimewahi kujiorodhesha huko na kuwatoza wagonjwa mamilioni kwa kushiriki. Kwa hiyo la pili ni kibali cha kamati ya maadili, chenye namba, tarehe na mawasiliano. Utafiti halali wa dawa mpya kwa kawaida haukuuzii dawa hiyo. Badala yake unakurudishia nauli na pengine fidia ndogo ya muda wako. Soma pia kipengele cha madhara. "Matibabu ya madhara yatagharamiwa" na "huenda yakagharamiwa" ni ahadi mbili tofauti. Fomu hairuhusiwi kukunyang'anya haki zako za kisheria. Na kama dawa ikikusaidia, utaendelea kuipata utafiti ukiisha? Jibu liwe limeandikwa.

Baada ya dozi ya kwanza, tembea na kadi ya mshiriki. Ukilazwa kwingine, ionyeshe: ina namba ya simu ya saa 24, na kama matibabu ya dharura yanategemea kujua umepewa nini, siri ya kundi lako, kwenye tafiti ambazo mshiriki haambiwi yuko kundi gani, inaweza kufunguliwa. Tukio zito, kama kulazwa, kituo hutakiwa kuliripoti kwa mfadhili mara moja, kwa kawaida ndani ya saa 24 tangu kilipojua. Saa hizo hazianzi kuhesabiwa ukikaa kimya.

Chupa ya vidonge irudishe kila ziara, hata ikiwa tupu. Tuseme ulipewa 70 kwa siku 30, viwili kwa siku. Ulipaswa kutumia 60 na kurudisha 10. Ukirudisha 22, umetumia 48, yaani asilimia 80, mpaka wa chini unaotumiwa na tafiti nyingi. Wapo wanaovimwaga vilivyobaki njiani ili wasigombezwe. Matokeo yake daktari anaona umemeza vyote na hujapata nafuu, anakuongezea dozi usiyoihitaji; na kwenye takwimu dawa nzuri inasomeka dhaifu. Vilete jinsi vilivyo. Muuguzi anayekugombeza kwa vidonge vilivyobaki ndiye anayeharibu utafiti.

Unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, ila sema unajitoa kwenye nini. Kuacha dawa huku ukiendelea kuja kliniki ni jambo moja. Kuacha ziara lakini ukaruhusu wasome faili lako au wapige simu ni lingine. Kuacha vyote ni la tatu. Wengi wanaotoweka kabisa walichotaka ni kuacha kidonge tu, na hakuna aliyewaambia kwamba hilo linawezekana. Taarifa zilizokwisha kukusanywa kwa kawaida hubaki; sampuli zilizohifadhiwa unaweza kuomba ziharibiwe. Piga simu kabla ya kuacha, maana zipo dawa zinazopunguzwa kidogo kidogo, na mara nyingi kuna ziara moja ya mwisho ya usalama, kama siku 28 au 30 baada ya dozi ya mwisho, ambayo ni kwa faida yako hata kama utafiti wenyewe umeshauaga.