Taa ya Kijani Iliyonidanganya

Ruta ya ofisi ninayoihudumia, yaani kifaa kinachoigawia ofisi intaneti, ilikaa na laini ya simu ya akiba ndani yake kwa miezi minane, nami nikijisifu kwamba siku faiba, waya wetu mkuu wa intaneti, itakapokatika hakuna atakayejua. Siku hiyo ilipofika, kila mtu alijua. Taa ya faiba kwenye ruta ilikuwa ya kijani, imetulia tuli, lakini hakuna ukurasa uliofunguka na simu za mezani zinazotumia intaneti zilikuwa bubu. Hitilafu ilikuwa mbele, kwenye mitambo ya mtoa huduma, na ruta yangu, ambayo nilikuwa nimeiagiza iangalie waya peke yake, ikaona waya ni mzima ikaridhika. Laini ya akiba haikuamshwa kabisa.

Kosa lilikuwa langu. Waya kung'oka ni tukio la nadra. Mara nyingi zaidi kiungo huwa hai huku njia iliyo mbele yake imekufa. Kwa hiyo ruta inapaswa kutuma pakiti ndogo za kuulizia (vijumbe vifupi vinavyosubiri jibu), kila baada ya sekunde tano kwa mfano, kwenda kwenye anwani mbili au zaidi zilizo mbali, kama 8.8.8.8 ya Google na 1.1.1.1 ya Cloudflare, na ihamie kwenye mtandao wa simu pale tu zote zinapokosa kujibu mara tatu mfululizo. Kuuliza kifaa cha kwanza cha mtoa huduma hakutoshi, kwa sababu chenyewe kinaweza kujibu vizuri wakati kila kilicho nyuma yake kimezimika.

Hapo pana mtego ambao ulinipotezea mchana mzima. Pakiti hizo lazima zifungiwe kwenye faiba, zisiwe na ruhusa ya kupita kwingine. Zikiachwa huru, ruta inapohamia kwenye laini ya simu nazo huhamia huko, hupata jibu, na ruta huamini kwamba faiba imepona. Hurudi, hukwama, huhama tena, na ofisi hubaki ikiyumbishwa kila nusu dakika. Kurudi pia kuwe kwa subira. Mimi hutaka faiba ijibu bila kukosa kwa dakika tano kwanza, kwani kila uhamisho hubadilisha anwani ya IP ya nje, yaani namba inayoitambulisha ofisi kwenye intaneti, na simu iliyokuwa ikiendelea au kikao cha VPN (njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti) kwa kawaida hukatika papo hapo.

Jambo la pili linalowashangaza wengi ni kwamba laini ya simu hutoka nje vizuri lakini mara nyingi haiingiliki. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja, na ruta yako hupewa anwani ya ndani, mara nyingi kutoka kundi la 100.64.0.0/10 lililotengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012. Seva ambayo wafanyakazi huifikia wakiwa nje itatoweka faiba ikikatika. Dawa yake ni VPN inayofunguliwa na ruta yenyewe kutoka ndani, au kulipia anwani ya umma isiyobadilika, ikiwa kampuni husika inaiuza.

Kuhusu bando, fanya hesabu kabla ya hitilafu. Kamera moja inayorusha picha kwa Mbps 2 (megabiti mbili kwa sekunde) hula takriban MB 900 kwa saa, na kamera nne zitamaliza GB 10 kabla ya saa tatu kupita. Siku faiba inapolala, ruta yangu huzuia kamera, nakala za usiku na masasisho ya kompyuta, na kuruhusu malipo, barua pepe na simu. Wapo watakaolalamika, wavumilie.

Ruta iliyofungiwa kwenye kabati la chuma haitasikia mnara ipasavyo. Ni afadhali kutumia modemu ya pembeni, kifaa kinachobeba laini ya simu, na kuisogeza dirishani kwa waya wa kawaida wa mtandao kuliko kuvuta waya mrefu wa antena, ambao hupoteza nguvu ya mawimbi njiani. Chagua pia kampuni tofauti na ile ya faiba, ingawa hata hivyo mnara wake unaweza kuwa unategemea mtaro uleule wa nyaya.

Siku hizi sijaribu kwa kung'oa waya wa ruta. Nimeweka swichi ndogo ya mtandao, kiunganishi cha nyaya chenye umeme wake, kati ya ruta na kifaa cha mtoa huduma, na kila mwezi ninachomoa upande wa mtoa huduma, ili taa ya ruta ibaki kijani kama ilivyokuwa siku ile. Jaribio hilo pia huifanya laini itumike, isije ikafungwa kwa kukaa kimya muda mrefu. Mara ya mwisho uhamisho ulichukua sekunde 17, simu mbili zikakatika, na mtu wa mapokezi akaniuliza kama nimegusa kitu.