Pasi ya saa nane usiku

Juzi muuguzi alinipangusa mkono kwa pamba yenye spiriti kabla ya kunitoa damu. Harufu ile iliponifika puani nikacheka peke yangu. Akadhani naogopa sindano. Ningemwambia nini, kwamba nimekumbuka pasi?

Mengine mnayajua: nilikunywa, nikaacha, nikarudia, nikaacha tena. Hili sijawahi kuligusa. Wanaume tukikaa tutasimulia tulivyoangukia mtaroni na tulivyolala mlangoni kwa jirani, na watu watavunjika mbavu. Ya jogoo kushindwa kupanda mtungi hayasimuliwi. Yakisimuliwa, ni ya mtu mwingine.

Usiku ule hata sikuwa nimelewa chakari. Nilikunywa za kutoa woga tu, maana mambo yalikuwa yamegoma wiki kadhaa na nilishaanza kukiogopa kitanda. Hamu nilikuwa nayo tele. Mwili ndio haukuitika. Tulijaribu, tukangoja, tukajaribu tena, mpaka tukaanza kuoneana haya gizani. Mwisho mama watoto akasema kwa sauti ya chini, "Basi, baba watoto. Umechoka."

Hilo "umechoka" lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyemzoesha. Kulisikia kinywani mwake kukaniuma, nikamjibu: "Tatizo ni wewe. Siku hizi hata hujitengenezi."

Hakujibu. Alikaa ukingoni mwa kitanda akitafuta ndara zake kwa vidole vya miguu, akapata moja, ya pili akaiacha, akatoka hivyo hivyo. Nikasikia meza ikivutwa. Kisha maji yakinyunyizwa kwa mkono, kisha pasi: inateleza, inatua, inateleza. Saa nane usiku, mwanamke niliyetoka kumtukana ananyoosha mashati yangu ya kazini. Harufu ya kitambaa cha moto ikaingia mpaka chumbani, ikakutana na pumzi yangu iliyonuka kama ile pamba ya muuguzi. Nilihesabu mashati matano. Baada ya la tano pasi iliendelea, na mimi sikuwa na shati la sita.

Kwa daktari nilikwenda miezi mingi baadaye, tena kuomba vidonge. Akaniuliza, "Asubuhi ukiamka, huwa imesimama?" Sikukumbuka. Akanieleza kwamba mwanamume mwenye afya husimamisha mara 3 hadi 5 kwa usiku, usingizini, hasa ule usingizi wa ndoto, na pombe huuvuruga. Pombe hupoza ubongo na mishipa ya fahamu inayopeleka amri huko chini. Ukiizoea miaka, hushusha homoni ya kiume na kuila ile mishipa yenyewe. Nikamuuliza kama haiwezi kuwa presha. Au kisukari? Akasema vyote atapima. Nilikuwa tayari kupokea ugonjwa wowote, mradi tu usiwe unauzwa kwa chupa.

"Nikikupa vidonge leo," akasema, "utavimezea bia." Kweli, ningevimezea.

Nilipoacha, nguvu zilirudi polepole, miezi kadhaa, na si kama zamani. Ni umri, au ni deni la pombe? Sijui, na sijisumbui sana. Nilimwomba mama watoto radhi kwa hela, kwa kelele, kwa usiku nisiorudi. Kwa neno lile, bado. Kila nikikaribia najiambia ameshalisahau, kwa nini nilifukue?

Juzi hiyo hiyo nilirudi kutoka kupimwa nikamkuta anapiga pasi. Nikavuta kiti.

"Unakumbuka usiku mmoja, zamani..."

"Usiku gani?" Hakuinua macho.

Nikasema basi, limenitoka. Akaigeuza kola, akanyunyiza maji, akaendelea.