Kielelezo cha Edessa, mwaka 544: tuta limesimama, handaki linafuata

Ukuta wa kielelezo changu cha Edessa, mji ambao leo ni Şanlıurfa nchini Uturuki, umekwisha kukauka, na kazi sasa imehamia kwenye tuta ambalo Khosrow wa Kwanza, mfalme wa Uajemi, aliamuru lijengwe mbele ya ukuta huo mwaka 544 ili askari wake wawapige Warumi kutoka juu.

Procopius, mwanahistoria wa zama hizo, alieleza ujenzi wake kwa undani unaomfaa fundi: miti ilikatwa na kulazwa chini pamoja na majani yake, ikafunikwa kwa udongo na mawe yasiyochongwa, kisha magogo marefu yakapangwa kati ya tabaka ili yalishikamanishe tuta. Nimetumia chelewa, mchanga na gundi ya mbao. Mapazia ya singa za mbuzi yaliyowakinga wajenzi dhidi ya mishale nimeyakata kwenye gunia kuukuu, nayo yamependeza kuliko nilivyotarajia.

Upande mmoja wa tuta nimeuacha wazi, kwa sababu kiini cha tukio zima kiko chini ya ardhi. Warumi walichimba handaki kutoka ndani ya mji, na Waajemi walipolisikia, Warumi walilifunga sehemu ya mbele, wakatengeneza chumba chini ya ncha ya tuta iliyo karibu na ukuta, wakakijaza kuni kavu zilizoloweshwa mafuta ya mwerezi, salfa na lami, kisha wakazitia moto. Moshi ulipoanza kupenya, Warumi waliurushia uso wa tuta vyungu vya makaa na mishale ya moto, hata Waajemi wakadhani kwamba moshi wote unatoka huko. Khosrow mwenyewe ndiye aliyeng'amua kwanza kwamba tuta linaungua kutoka ndani, na maji waliyomwaga yaliuchochea moto zaidi.

Ugumu wangu ni kwamba mtazamaji lazima aitofautishe mioshi hiyo miwili, ilhali vinyago vya askari vinatakiwa kuonekana vimedanganyika. Najaribu pamba ya kijivu juu na nyeusi kwenye nyufa.

Khosrow hatimaye alipokea ratili 500 za dhahabu akaondoka bila kuingia mjini, jambo ambalo sitalionyesha. Tembo wa Waajemi aliyetishwa na Warumi kwa nguruwe aliyening'inizwa mnarani, hata hivyo, nitamweka, kwani kona ya kushoto bado ni tupu.