JFT-Basic au JLPT: ufanye mtihani upi kwa viza ya kazi Japani

Kabla hujalipia mtihani wowote wa Kijapani, jua kwanza unaomba viza gani. Wanaokwenda kuhudumia wazee, kulima, kujenga au kufanya kazi viwandani, hotelini na migahawani, wengi hupitia Tokutei Ginou (mfanyakazi mwenye ujuzi maalumu) daraja la kwanza, viza iliyoanza Aprili 2019. Hapo mitihani ya lugha ya kuchagua ni miwili: JFT-Basic, mtihani wa Kijapani cha msingi, au JLPT, mtihani wenye viwango kutoka N5 (cha chini) hadi N1 (cha juu), kuanzia kiwango cha N4. Mtihani wa ujuzi wa kazi yenyewe unafanywa kando. Mitihani mingine ya Kijapani, NAT-TEST na J.TEST, hutumiwa sana na waombaji wa viza ya mwanafunzi, lakini kwa Tokutei Ginou haikubaliki. Inauma mtu anapolipa ada, akafaulu, kisha akaambiwa cheti si chenyewe.

Linalofuata ni kalenda. JLPT hufanyika Julai na Desemba tu, na si kila mji una awamu zote mbili. Nairobi huwa ni Desemba, na matokeo yake hutoka mwishoni mwa Januari. Ukishindwa, unaweza kusubiri mwaka mzima. JFT-Basic hufanywa kwa kompyuta kwa dakika 60, maswali kama 50, na alama zako unaziona kwenye skrini papo hapo. Ukishindwa, unaruhusiwa kurudia baada ya siku 45. Kwa sisi wa Afrika Mashariki shida ni kwamba vituo vyake vingi viko Asia, hivyo fungua orodha ya nchi kwenye tovuti ya JFT-Basic kabla ya kupanga lolote. Kama kukifikia kituo kunadai tiketi ya ndege, mimi ningechagua N4 bila kusita.

Kufaulu nako kunatofautiana. N4 inataka alama 90 kati ya 180, lakini pia angalau 38 kati ya 120 kwenye msamiati, sarufi na kusoma, na 19 kati ya 60 kwenye kusikiliza. Hapa ndipo wengi huangukia: ukiwa na jumla ya 105 na kusikiliza 17, umefeli. Sauti huchezwa mara moja tu, kwa hiyo anayesoma vitabu peke yake bila kuzoesha sikio yuko hatarini. JFT-Basic inataka 200 kati ya 250 kwa jumla, na sauti unaweza kuirudia mara moja, ila ukishafunga sehemu huwezi kuirudia. Maswali yake ni ya maisha ya kila siku, na Japan Foundation, taasisi inayoandaa mtihani huo, inatoa bure mtandaoni kozi ya Irodori, pamoja na sauti zake, kwa kiwango hichohicho.

Anayekwenda kaigo, yaani kuhudumia wazee, ana mtihani wa ziada wa Kijapani cha kazi hiyo: maswali 15 kwa dakika 30. Anayelenga kupanda daraja la pili la Tokutei Ginou katika migahawa au uvuvi atahitaji N3, ambayo JFT-Basic haiifikii. Huyo azoee JLPT mapema. Kwa kazi za ofisini na uhandisi waajiri wengi hutaka N2, na katika mfumo wa pointi wa viza ya wataalamu wa juu N2 ina pointi 10, N1 ina 15.

Unapojisajili, andika jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, majina yote matatu kama yamo.