Inakimbia kwenda wapi

Nimelala saa nne nimeamka saa tano, nimelala tena nimeamka tena, sasa hivi saa saba kasoro na nimekata tamaa, acha niandike tu. Baridi ya wiki hii huku Mbeya si ya mchezo, nina soksi mbili mbili na lile koti la mtumba la Mwanjelwa, ila kinachoniamsha wala si baridi. Ni bamdogo. Ni swali moja la bamdogo la Jumapili, maneno matatu tu, na kila nikifumba macho analiuliza upya na sura ileile.

Wale wa siku nyingi mnakumbuka nilivyohangaishwa na lile kopo la shaba, la kukaa juu ya prosesa (ubongo wa kompyuta) na kumiminiwa naitrojeni ya kimiminika ili ipoe na kukimbia kuliko ilivyotoka kiwandani, miezi minne fundi kereza ananizungusha, mara mashine mbovu, mara yuko msibani Chunya, na siku ananikabidhi akaniuliza hili la kupikia nini. Basi Jumapili kopo likapata kazi. Baada ya ibada nikabeba kila kitu kwenye bajaji mpaka Uyole kwa bamdogo, mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), pawasaplai, monita ya ofisini (bosi asisome hapa), ile prosesa ya AMD FX-8350 niliyomchukulia jamaa aliyekuwa anafunga intaneti kafe yake, kopo kubwa la vaselini, na drayer ya saluni ya Neema ambayo niliomba kwa saa mbili na mpaka leo ninayo.

Kwa bamdogo kwa sababu naitrojeni iko kwake. Si mnajua kazi yake, uhimilishaji, mbegu za madume zinakaa kwenye mirija ndani ya mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, zikipata joto kidogo tu ndo basi tena ndama hakuna. Ana mtungi mkubwa wa lita 35 nyumbani na kale kadogo ka lita 3 anakokafunga kwenye pikipiki akienda kwa wafugaji. Mi nimekua nikiuona ule mtungi kama watoto wengine wanavyoona kabati la vyombo vya wageni, haushikwi. Kumuomba lita nne kumenichukua tangu Pasaka.

Alikubali kwa sharti moja, verandani, ndani hapana. Na hapo alikuwa sahihi kuliko mimi maana mi nilishapanga meza sebuleni. Lita moja ikichemka inatoa karibu lita 700 za gesi, haina harufu haina rangi, inasukuma hewa nje ya chumba na wewe unasinzia zako hujui kama ndo unaondoka. Akanipa na chupa ya chai ya kumiminia, mfuniko kautia mfukoni kwake kabisa ili nisije nikajisahau nikaufunga, maana ukifunga unakuwa umeshika bomu.

Nikapaka vaselini kuzunguka soketi yote, pale prosesa inapokaa, kama mama anavyompaka mtoto asubuhi ya Julai kabla ya shule. Watu wanadhani shida ya huu mchezo ni baridi, shida ni maji. Kopo likishaganda linavuta unyevu wote wa hewani, unakuwa barafu, barafu ikiyeyuka juu ya mazabodi umekwisha. Ndo maana nilisubiri kiangazi, Machi na mvua zetu zile ningekuwa naogesha umeme. Nikazungushia sponji, nikaweka waya wa kipimajoto, nikaanza kumimina kidogo kidogo. Watoto wa jirani washajaa. Matone yakidondoka sakafuni yanateleza kama yamefukuzwa, hayagusi hata sakafu yanakaa juu ya mvuke wake yenyewe, na wao wanayakimbiza wanapiga kelele, mamdogo naye anapiga kelele juu ya kelele zao.

Uzuri wa FX haiogopi baridi. Kuna prosesa ukizishusha sana zinagoma, haziwaki mpaka uzipashe moto, hii unajaza kopo mpaka juu na inaomba nyingine. Ilitoka kiwandani 2012 na 4.0 GHz, yani MHz 4,000, mizunguko bilioni nne kwa sekunde. Kwa feni nilikuwa naifikisha 4.7 na chumba kinageuka jiko. Jumapili kipimajoto kinasoma -188, voltiji 1.85, kore, vile vichwa vya hesabu ndani ya prosesa, nimeacha mbili tu zingine nimezima, nikaanza kupanda, 6.2, 6.5, 6.8, mikono inatetemeka, nikagusa tena, skrini ikasimama nikajua imekufa, halafu ikaandika 7,012 MHz. Nikapiga picha. Nikajaribu 7,100 ikaleta ile skrini ya bluu ya kugoma hapohapo, lakini elfu saba ninayo! Elfu saba, Uyole, verandani, banda la kuku liko pembeni!

Bamdogo muda wote huo amekaa kwenye kigoda na kofia yake ya sufi, kimya. Sasa sikilizeni.

"Ndo imefanyaje?"

"Imekimbia bamdogo! Elfu saba! Kawaida yake elfu nne."

"Inakimbia kwenda wapi?"

"Haiendi popote. Ni spidi tu."

"Aah."

Akainuka. Akachukua fimbo yake ya kupimia, akafungua mtungi, akaichovya mpaka chini, akasubiri, akaichomoa akaipunga hewani mpaka ukungu mweupe ukaishika, pale weupe unapoishia ndo kimo cha naitrojeni. "Kumi na nane," akasema. Asubuhi ilikuwa sentimita 22. Akaandika kwenye daftari, akafunga mtungi, tukaingia kula wali wa Kyela na maharage kama hakuna kilichotokea.

Ile "aah" ndo inaniua. Angekasirika ningemwelewa. Ni "aah" ambayo nimemsikia akiwapa wafugaji kwenye simu, mtu anamwambia bamdogo njoo ng'ombe yuko kwenye joto, anauliza tangu lini, anaambiwa tangu juzi. Aah. Maana ng'ombe ukimuona asubuhi unampandisha jioni, ukimuona juzi umeshamkosa, kaa usubiri siku 21 zingine. Hagombi na mtu. Anasema aah na kuweka simu mfukoni. Sasa na mi nimepewa hiyohiyo, na sentimita nne juu yake.

Na nilijibu vibaya. Ni spidi tu! Nani anajibu hivyo? Tangu Jumapili nimeshalijibu lile swali mara mia. Nikiwa kwenye mashine ya fotokopi namjibu kitaalamu, bamdogo kila mzunguko ni hesabu moja, sasa hizi ni mizunguko bilioni saba kwa sekunde, halafu namuona anasema aah. Nikiwa naoga namjibu kwa hasira kidogo, mbona watu wanapanda Mlima Rungwe na huko juu hawana shamba. Hiyo nayo mbaya, ana shamba karibu na huko. Jumanne matokeo ya fomu siksi ya Baraka yametoka kapata divisheni two na Jumatano wale watu wa Neema wameleta barua mi ndo nimevaa tai nikaipokea, shangwe kila mahali, na mimi katikati ya shangwe niko Uyole najibu swali.

Jibu lenyewe limekuja leo asubuhi kwenye daladala tukiwa Mafiati. Filbert Bayi! 1974, Christchurch, mita 1,500, akaweka rekodi ya dunia na nchi nzima ikaimba jina lake. Alikimbia kwenda wapi? Alizunguka uwanja mara tatu na robo tatu na hakutoka uwanjani! Nilicheka peke yangu konda akanitazama. Yani hilo ndo lilikuwa jibu, limechelewa siku nne, na sasa sijui nimpigie nimwambie au ndo ntaonekana nimekaa nalo wiki nzima kama

Jumamosi sasa. Juzi umeme ulikatika hapohapo kwenye "kama", na simu ilikuwa na asilimia 3. Bora ulikatika.

Maana leo jioni nimeenda Uyole kurudisha chupa ya chai. Nilijiambia ni chupa tu. Nikamkuta anaosha pikipiki, shikamoo, marahaba, habari za kazini, na kabla sijakaa ikanitoka, "Bamdogo, na Bayi alikimbia kwenda wapi?"

Hakuuliza Bayi gani wala kwa nini. Akaendelea kufuta mkono wa pikipiki, halafu akasema, "Bayi alikuwa na Walker kisogoni. Wewe kisogoni kwako kulikuwa na nani?"

Walker, yule wa New Zealand aliyemfukuza Bayi mpaka mwisho. Kumbe naye alikaa nalo! Mtu hajibu haraka hivyo kitu ambacho hakuwa anakifikiria.

Nikamwambia bamdogo mi ndo niko kisogoni. Nikamweleza kuna jamaa wa Finland anajiita The Stilt, 2014 alichukua FX-8370, yani ndugu wa hii yangu kabisa, akaifikisha 8,722 MHz. Na mwishoni mwa 2022 Mswidi mmoja anaitwa elmor akaipitisha prosesa ya Intel, Core i9, juu ya 9,000, ila yule alitumia heliamu, ile ni nyuzi 269 chini ya sifuri, hatumhesabu.

"Huyo wa Finland ametumia nini?"

"Naitrojeni."

"Hii hii?"

"Hii hii."

Akaweka kitambaa chini. Akaingia ndani, akatoka na daftari lake la ng'ombe na ile kalamu iliyofungwa uzi, akapiga hesabu. "Umepungukiwa 1,710," akasema. "Hiyo ni sentimita ngapi?"

Nilicheka mpaka machozi, na yeye hacheki, anasubiri jibu ameshika kalamu. Nikamwambia bamdogo haiko hivyo, hata ukinipa mtungi wote ntaishia palepale au mbele kidogo, ni prosesa yenyewe. Zinatoka kiwanda kimoja, siku moja, jina moja, na kila moja ina kiwango chake, moja inagoma 7,000 mwenzake inaenda 8,000 na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Wenye rekodi wanapima moja baada ya nyingine mpaka waipate ile yenye bahati. Hapo sura yake ikabadilika kabisa. "Aah," akasema, na safari hii ilikuwa ndefu, inapanda kwenda juu. "Sasa si useme. Hiyo ni ng'ombe. Dume moja, mama mmoja, huyu anakupa lita 15 mdogo wake anakupa sita."

"Ndo hivyohivyo."

"Na wewe umenunua ngapi?"

"Moja."

"Umenunua mtamba mmoja halafu unalia maziwa."

Mamdogo alikuwa anasikiliza dirishani, akaangua kicheko mpaka mbwa wakabweka. Nimekaa mpaka saa mbili, nimekunywa chai vikombe vitatu, tumeongea FX zilizolala Kariakoo kwenye kompyuta mbovu, tumeongea kwa nini vaselini na si grisi, akaniambia mzigo wa naitrojeni unakuja mwisho wa mwezi na sentimita tano ni zangu. Tano! Jumapili nilichukua nne nikapewa ule uso. Wakati natoka getini nikafungua simu nikaona kwenye statasi yake picha yangu ya kopo limeota barafu, na chini ameandika "Uyole leo", tangu mchana iko hapo, yani kabla hata sijafika. Mfugaji mmoja kamjibu anauliza hiyo ni mbegu ya ng'ombe gani.

Ila swali lenyewe hajalifuta na mi sijalijibu. Ntalala nalo tena, lakini leo halina meno.

Drayer nimeijaribu sasa hivi inatoa upepo wa baridi tu, nadhani niliichosha nilipokuwa nayeyusha kopo, kwahiyo kabla Neema hajakumbuka natakiwa nitafute fundi, na fundi ninayemwamini ni mimi.

Kingine. Mama amenipigia mara mbili leo kutoka Tukuyu, saa sita na saa kumi, na mara zote nilipopokea alisema samahani mwanangu nimekosea namba, akakata. Simu yake ile kitochi, mi mwenyewe nilimwekea namba yangu kwenye kitufe cha 2, anabonyeza akishikilia inaita. Wakati ule mwaka juzi wa mguu alianza hivihivi. Nimempigia baada ya chakula ameongea vizuri tu, ameuliza habari za Baraka ambazo alishaniuliza Jumanne. Kesho ntapanda Kosta ya asubuhi.