Tangazo la kurejesha vipandikizi linapofika: ninavyolishughulikia kipande kwa kipande

Kazi yangu ni kufuatilia vipandikizi: nyonga na magoti bandia, betri za moyo na nyaya zake, vali, bamba na skrubu za mifupa. Mtengenezaji akigundua kasoro hutuma barua, na watu wengi hudhani kazi kubwa ni kurudisha maboksi. Maboksi hurudi kwa urahisi. Kinachotesa ni kwamba barua hutaja kipande, ilhali kumbukumbu nyingi za hospitali hutaja kifaa kizima.

Chukua nyonga bandia. Ripoti ya upasuaji itasema "nyonga bandia, kulia", basi. Mwilini kuna vipande vinne: kikombe cha chuma kinachokaa kwenye fupanyonga, bitana ya plastiki ndani yake, kichwa cha duara, na shina linaloingia kwenye paja. Kila kimoja kina namba zake. Mwaka 2000 kampuni ya Sulzer ilirejesha vikombe vilivyobaki na mafuta ya mashine, na mfupa ukashindwa kushikamana navyo. Mwaka 2012 Stryker ilirejesha mashina ya Rejuvenate na ABG II kwa sababu ya kutu na msuguano kwenye maungio ya shingo. Kuanzia 2021 Exactech ilirejesha bitana za plastiki ambazo zenyewe zilitengenezwa sawasawa, ila mifuko yake ilikosa tabaka moja la kuzuia oksijeni. Anayeandika "nyonga" tu hawezi kujibu hata moja kati ya barua hizo tatu.

Barua ikifika naisoma nikitafuta mambo matatu: namba zinazohusika, kasoro inajionyeshaje, na mtengenezaji anataka nini hasa. Wakati mwingine anataka bidhaa irudi. Wakati mwingine anataka programu ibadilishwe, maelekezo yasahihishwe au wagonjwa wachunguzwe kwa karibu zaidi, na vyote hivyo hutangazwa kwa jina moja, "kurejesha". Marekani, FDA, mamlaka ya chakula na dawa, huyagawa matangazo haya katika madaraja matatu. La kwanza ni pale panapokuwa na uwezekano wa kweli wa madhara makubwa au kifo. Daraja hukuambia ukimbie kiasi gani. Halikuambii kama kipande kitolewe mwilini, na hapo ndipo wagonjwa, na madaktari wasio wa fani hiyo, wanapojichanganya.

Barua zenyewe zina tabia ya kupotea. Huandikwa kwa mkuu wa hospitali au kwa ofisi ya manunuzi, mtu yuko likizo, wiki inapita. Dawa yake ni anwani moja ya barua pepe ya kitengo, isiyo ya mtu binafsi, inayosomwa na watu wawili, na kila msambazaji asajiliwe nayo kwa maandishi. Siku ya kupokea naandika tarehe na saa, kisha nashuka stoo kabla ya kufungua kompyuta. Kilichopo kwenye rafu kinaweza kuwekwa mwilini kesho asubuhi, kwa hiyo kinaondolewa kwanza. Naangalia stoo kuu, kabati la chumba cha upasuaji, toroli la dharura, na seti za mkopo ambazo msambazaji huleta kwa upasuaji mmoja na kuzichukua. Hizo za mkopo ndizo shimo kubwa, maana hazipiti kwenye vitabu vya stoo. Ninachokikamata nakifungia kwenye kabati lenye kufuli, na karatasi yenye namba ya barua. Kukiandika "karantini" na kukiacha rafuni hakusaidii. Mtu mwenye haraka ataenda nacho.

Kisha namba. Lebo ya kipandikizi ina alama zinazofanana dunia nzima: REF ni namba ya katalogi, LOT ni toleo la kiwandani, SN ni namba ya pekee ya kifaa kimoja, na kijisaa cha mchanga ni tarehe ya mwisho wa matumizi. Msimbopau hubeba hayo hayo kwa vitangulizi: 01 kwa namba ya bidhaa yenye tarakimu 14, 17 kwa tarehe ya mwisho, 10 kwa toleo, 21 kwa namba ya pekee. Toleo halina urefu maalumu, linaweza kufika herufi 20, na mwisho wake huonyeshwa na alama ya kutenganisha isiyoonekana. Skana ikiwa imepangwa kuitupa alama hiyo, toleo na namba ya pekee vitagandana. Mfano: toleo 4471 likifuatwa na kitangulizi 21 na namba 0093 linaingia kwenye kumbukumbu kama 4471210093. Ukitafuta 4471 kamili, mfumo unakujibu hakuna. Ndiyo maana kila skana mpya naijaribu kwa boksi ambalo lebo yake naweza kuisoma kwa macho.

Excel nayo ina vituko vyake. Namba ya bidhaa inayoanza na sifuri huliwa sifuri. Toleo kama 03E12 hugeuzwa kuwa hesabu ya vipeo, na toleo kama MAR12 hugeuka tarehe. Namba yenye tarakimu zaidi ya 15 hupoteza za mwisho kabisa, na hata ukibadilisha mpangilio wa safu baadaye hazirudi. Safu zote za namba naziweka kuwa maandishi kabla sijabandika chochote, na kiambatisho cha mtengenezaji nakiingiza kwa njia ya kuleta data badala ya kukifungua kwa kubofya mara mbili. Baada ya hapo natafuta mara mbili: kwanza kwa namba kamili, kisha kwa kulegeza, O na sifuri zikihesabiwa sawa, I na moja sawa. Majibu ya utafutaji wa pili nayapitia kwa macho. Kwenye daftari zilizojazwa kwa mkono, hapo ndipo waliopotea huonekana.

Sasa hesabu. Kilichopokelewa lazima kilingane na kilichopo rafuni, kilichopandikizwa, kilichorudishwa, kilichoazimwa kwingine, na kilichofunguliwa kikatupwa. Tuseme yaliingia maboksi 24: tisa yapo, 11 yamo kwa wagonjwa, moja liliazimwa hospitali nyingine, mawili yalifunguliwa yasitumike kwa sababu saizi haikufaa. Hiyo ni 23. La 24 lina mwenyewe, na kwa kawaida ni mgonjwa ambaye stika yake haikubandikwa. Fomu ya majibu ya mtengenezaji ina nafasi ya idadi, na wengi hujaza ya rafuni tu kisha wakasaini. Mimi siisaini mpaka pengo lipate jina, au liandikwe wazi kwamba halijapata. Na fomu irudishwe hata kama huna hata boksi moja; ukikaa kimya watakuhesabu kuwa barua haikukufikia.

Stika ndizo uti wa mgongo wa kazi hii. Kila boksi huja na kadhaa za kubandua. Moja iende kwenye ripoti ya upasuaji, moja kwenye daftari la vipandikizi, moja kwenye kadi ya mgonjwa. Ofisi ya malipo ichukue inayobaki. Nimeona mahali ambapo malipo ndiyo hupata ya kwanza, na mgonjwa hapati kabisa. Usitegemee pia kwamba sheria itakupa kadi kwa kila kipande. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2017/745, ibara ya 18, inataka mgonjwa apewe kadi ya kipandikizi, lakini inaacha nje skrubu, bamba, nyaya (si zile za betri za moyo), pini, klipu na viunganishi. Skrubu zinazokaa kwenye trei na kusafishwa hospitalini hazina hata stika. Kwa hizo naandika namba ya trei na kila siku trei ilipojazwa upya, na toleo lililojazwa. Barua ikija, sitampata mgonjwa mmoja kwa uhakika, ila nitapata kundi la waliofanyiwa upasuaji kati ya tarehe fulani na fulani kwa trei hiyo, na hilo ni bora kuliko kumwita kila aliyewahi kuvunjika mguu.

Kwa betri za moyo kuna mtego wake. Betri hubadilishwa baada ya miaka kadhaa, waya hubaki pale pale. Ukitafuta kwa upasuaji wa mwisho utaona betri mpya, safi, na utamruka mtu mwenye waya wa zamani wenye kasoro. Mfano unaojulikana ni nyaya za Sprint Fidelis za Medtronic, za defibrileta, yaani betri ya moyo inayopiga shoti kurekebisha mapigo, zilizosimamishwa Oktoba 2007 baada ya takriban 268,000 kuwekwa duniani. Waya wa ndani ulikuwa ukikatika, kifaa kikasoma kelele za umeme za mkato huo kama mapigo ya kasi, kikampiga mgonjwa shoti akiwa macho na moyo wake uko sawa. Hivyo natafuta kwa kipande na kwa historia yote, kisha naondoa waliokwisha kutolewa kipande hicho. Kuna pia waya uliokatwa na kuachwa mwilini bila kuunganishwa. Huo naueleza kando, maana hauna hatari ile ile.

Orodha ikikamilika, madaktari wa fani ndio huamua, mimi nawapelekea data. Kwa nyaya zile, kuzitoa kwa wote hakukupendekezwa: waya uliokaa miaka huwa umeshikamana na mshipa, na kuuchomoa kunaweza kuua. Badala yake programu ilirekebishwa ili kifaa kipige kengele upinzani wa umeme unapobadilika. Kwa matiti bandia ya Biocell ya Allergan, yaliyorejeshwa Julai 2019 kwa sababu ya aina moja adimu ya limfoma (saratani ya mfumo wa limfu), FDA haikushauri kuyatoa kwa asiye na dalili. Kwa bitana za plastiki za Exactech, tarehe mbili ni muhimu kuliko zote: siku ya kufungashwa na siku ya kupandikizwa. Muda kati yake ndio plastiki ilikaa kwenye mfuko mbovu ikila oksijeni. Wawili wenye toleo moja wanaweza kutofautiana miaka, na wa muda mrefu ndiye naweka juu ya orodha ya picha za eksirei.

Kwa nyonga za chuma kwa chuma, yaani kichwa na kikombe vyote vya chuma, kama ASR ya DePuy iliyorejeshwa Agosti 2010, hupimwa kobalti na kromi, madini yanayotoka kwenye chuma hicho, kwenye damu. Uingereza iliweka kiwango cha kuchukua hatua kuwa mikrogramu 7 kwa lita, na kipimo hurudiwa baada ya miezi mitatu. Hapa uchukuaji wa damu ndio huharibu majibu. Sindano ya chuma cha pua inaweza kuacha kromi, kwa hiyo tumia kanula ya plastiki, mwaga mililita 5 za kwanza, na ujaze chupa maalumu za kupimia madini. Chupa ya kawaida itakupa namba ya kutisha ambayo haimo mwilini.

Simu kwa mgonjwa ina mpangilio. Nahakikisha ninayeongea naye ndiye mwenyewe, kwa tarehe ya kuzaliwa. Ndugu akipokea naomba tu nipigiwe. Sentensi ya kwanza inaeleza uharaka: "Mama, hii si dharura, na hatukuiti kwa upasuaji. Goti lako lina kipande ambacho mtengenezaji ametaka kichunguzwe, tunaomba uje upigwe picha." Kisha nasema dalili za kumfanya aje mapema, na nani analipa gharama ya uchunguzi. Swali hilo la malipo huulizwa karibu kila mara, kwa hiyo lipatiwe jibu la maandishi kutoka kwa mtengenezaji kabla ya kupiga simu ya kwanza. Asiyepatikana kwa simu hutumiwa barua ya rejesta, na kila jaribio linaandikwa, pamoja na aliyefariki.

Kipande kikitolewa, kisitupwe. Defibrileta izimwe tiba zake na data ipakuliwe kwanza, la sivyo inaweza kumpiga shoti anayeishika. Kichwa na shina visitenganishwe kwa nyundo, kwani alama za kutu kwenye maungio ndizo ushahidi. Plastiki isipitishwe kwenye mashine ya mvuke ya nyuzi 134, maana huyeyuka karibu na joto hilo hilo; isafishwe kwa dawa bila brashi ya chuma, ipigwe picha, iwekwe kwenye chombo chenye jina, upande wa mwili, tarehe na namba za lebo. Kabla ya kuituma kwa mtengenezaji pata ridhaa ya mgonjwa na stakabadhi ya kupokelewa. Ikitoka mikononi mwako bila stakabadhi, hesabu kwamba imepotea.

Faili halifungwi fomu inaporudi. Orodha za namba huongezwa: ile ya bitana ilianzia kwenye nyonga, ikaingia magoti na vifundo vya miguu, na mwaka 2022 ikapanuliwa tena. Kwa hiyo naweka tarehe ya kurudia ukaguzi wa rafu, kwa sababu boksi lililoazimwa hurudi kimyakimya, na kila nyongeza ya barua naiendesha upya dhidi ya kumbukumbu zote, siyo dhidi ya orodha niliyoipata mwanzo.